Hesabu ya Mvua Katika Mashine za Watu

Baba yangu alizaliwa Maragoli, upande wa Kenya, katika nyumba iliyojengwa kati ya mawe makubwa, na alikuja huku Uganda kuchimba shaba Kilembe akiwa hajaota ndevu. Mama yangu alizaliwa Kabatoro, binti wa watu waliouza chumvi, na alipoolewa aliingia kambini na mizigo miwili ya chumvi na mkeka mmoja. Majina yao hayatawekwa hapa. Yamo katika Biblia ya nyumba, na mwenye haki ya kuyajua anajua Biblia hiyo inakaa wapi. Mimi nilizaliwa katika kambi ya wachimbaji, mtoto wa nne. Sikupelekwa shule, kwa kuwa mwaka uliofaa nipelekwe ndio mwaka jiwe lilipomvunja baba mguu, na mtu mmoja wa nyumbani alihitajika kubaki kumshika mkono.

Kiswahili nilikipata hapo kambini, kwa watu waliotoka kila upande na hawakuwa na lugha nyingine ya kugombana kwayo. Wewe unayeandika, mjukuu wangu, umekisoma mpaka chuo. Uninyooshee pale ninapopinda, lakini usinipambe. Na tukifika mahali panapokuhusu wewe mwenyewe, usiparuke. Nitakuagiza unisomee, na masikio yangu bado yanafanya kazi.

Jambo hili ninaliandikisha kwa sababu linasemwa nusu. Katika arusi ya binamu yako, mwaka uliopita, nilimsikia shangazi yako akiwaambia waliokaa naye mezani kwamba babu ndiye aliyekukosesha nafasi ya kuendelea na masomo, kwa ukaidi wa mtu asiyejua kusoma. Alidhani ananong'ona. Sikumjibu, kwa kuwa tulikuwa tunasubiri keki. Jibu langu ni hili, na ni refu kuliko alivyostahili.

Kazi ya maisha yangu ilikuwa Mubuku, kwenye mashamba ya maji. Nilishika milango ya mifereji. Mkulima aliyekodi kipande chake alikuwa na zamu yake, siku fulani na saa fulani, na mimi ndiye niliyeinua bamba la chuma ili maji yaingie kwake, kisha nikalishusha ili yaende kwa mwenzake. Sikuhitaji kusoma. Nilihitaji kukumbuka, kutokula chakula cha mtu yeyote kabla ya zamu yake, na kustahimili matusi. Magoti yalipokataa kutembea kwenye kingo za mfereji, nilihamia Bwera kukaa nawe.

Chumba chako cha kazi kipo kando ya barabara iendayo mpakani mwa Congo, kati ya mbadilisha fedha na kinyozi. Mbele yake bodaboda hujipanga tangu asubuhi wakibishana juu ya abiria ambaye hajafika. Wewe ulikuwa unatengeneza kompyuta. Zaidi ya kutengeneza, ulikuwa unazitunza kompyuta za watu ambao hawakuwa na fundi wao: mawakala wanaopitisha mizigo forodhani, mwenye duka la dawa, shule moja, zahanati moja ya akina mama wazazi, na wengine. Ulikwenda kwao kila mwezi, ukapuliza vumbi, ukaondoa uchafu ulioingia kwa njia ya mtandao, ukarudi. Nilikwenda nawe mara mbili tatu, nikaona namna walivyokupokea. Mtu alikuandikia neno lake la siri juu ya kipande cha karatasi, akaondoka kwenda kunywa chai, akakuacha peke yako na mashine iliyobeba kazi yake yote. Nililiona hilo. Mimi pia niliwahi kuachiwa milango.

Hesabu yenyewe ulinieleza mara tatu mpaka nikaielewa, nami ninaieleza kama nilivyoielewa. Mhadhiri aliyekufundisha chuoni alitaka kujua mvua ikinyesha juu ya mlima wetu inashukaje: mteremko upi unaachia kwanza, kijito kipi kitaleta mawe, na baada ya muda gani. Sisi tunaoishi chini ya mlima huo hatuhitaji kuelezwa kwa nini mtu atake kujua. Tumeona mto ukiingia ndani ya nyumba na kutoka na milango. Lakini hesabu ya jambo hilo ni kubwa kiasi kwamba kompyuta moja ingeifanya mpaka mwenye kompyuta azeeke. Kwa hiyo mhadhiri aliikatakata vipande vidogo sana, akavituma kwa mtandao kwenye mashine za watu, kila mashine kipande chake, ikifanye wakati mwenyewe haitumii. Ikimaliza inarudisha jibu na kupewa kipande kingine. Na kila kipande kilitumwa kwenye mashine mbili zisizojuana, ili moja ikikosea, nyingine iishitaki. Hapo niliheshimu akili ya mtu huyo. Ni kama marundo ya mpunga yanayogawanywa nyumba kwa nyumba ili yapetwe, isipokuwa hapa anayepeta hajui kwamba anapeta.

Neno hilo la mwisho hukuliongeza wewe uliponieleza. Nimeliongeza mimi.

Mhadhiri alikuwa na nafasi moja ya mtu wa kusoma naye masomo ya juu, juu ya hesabu hiyohiyo, na gharama zote zilikuwa zimeshughulikiwa. Alikuambia kwamba ukipata mashine za kutosha upande huu wa mlima, na vipande vyake vikamalizika kabla ya mvua kubwa, nafasi ni yako. Ulinisimulia ukiwa umesimama, huku umeshika sufuria ambayo ulisahau kuiweka chini. Miaka minne ulikuwa unapuliza vumbi kwenye mashine za watu ukiingoja nafasi ya namna hiyo. Nilijua hivyo wakati huo na ninajua hivyo sasa. Shangazi yako asidhani kwamba sikuwa najua.

Uliiweka programu ya kupokea vipande hivyo katika mashine thelathini na moja, zote ulizokuwa unazitunza. Kwa kila mashine, programu iliuliza kwanza kama mwenyewe ameridhia, na penye swali hilo uliweka alama ya ndiyo. Uliiweka mara thelathini na moja. Hakuna hata mmoja uliyemuuliza. Andika hivyo.

Niligundua kwa sababu ya saa.

Siku moja, mchana, nilikuwa nimekaa mbele ya chumba chako nikikulindia vitu. Alikuja mama mmoja wakala wa forodha. Wewe unamjua, wasomaji wengine watosheke kujua kwamba alizaliwa ng'ambo ya mpaka, akaolewa huku, na kwamba huwa anaanza kusema akiwa bado upande wa pili wa barabara.

"Papa! Mutoto wako iko wapi?"

"Amekwenda sokoni. Kaa."

"Sikai. Leo nimesimama mpaka nimezoea. Mimi na wapagazi sita, ku bariyeri ya mupaka, saa muzima, jua juu ya kichwa! Ofisi ya kule imefungwa, beko bakikula. Hata askari moja akaniuliza, Mama, leo umepewa kazi ya kulinda mupaka?"

"Kwa nini mlikwenda mapema?"

"Sikuenda mapema! Nilienda na saa ya mashini yangu. Ile saa iko ya Congo tangu siku nilileta ile mashini, sababu batu bangu beko kule. Sasa leo inaonyesha saa ya Uganda. Saa haitembei yenyewe, Papa. Mutu ameigusa, na mutu anayegusa mashini yangu ni mumoja tu."

Nilimwambia nitakuuliza. Hakuondoka. Aliinama kidogo, akapunguza sauti, jambo ambalo kwake ni nadra.

"Na kitu ingine. Ile mashini siku hizi inapumua. Sijagusa kitu, niko nakula muhogo yangu tu, yenyewe inapumua kama mutu anapanda mulima na gunia. Sasa mimi najiuliza, hii punda yangu, iko inabebea nani?"

Kinyozi alicheka mpaka akaacha wembe. Mimi sikucheka. Siku chache kabla nilikuwa nimekwenda duka la dawa, nikaweka mkono juu ya mashine ya mwenye duka, nikakuta ina joto kama ubavu wa ng'ombe, na mwenyewe alikuwa anasoma gazeti. Mtu aliyeshika milango ya maji hujua sauti ya maji yanayopita mahali ambapo zamu haijaitwa.

Ulirudi na nyanya na waya. Nilikuambia ufunge mlango.

"Mashine ya mama wa forodha inamfanyia nani kazi?"

"Nani amekuambia, Babu?"

"Hilo si jibu."

Uliweka nyanya chini, moja moja, kana kwamba ni mayai. Kisha ukanieleza yote, pamoja na sehemu ambayo ilikuwa inakunyima usingizi. Mhadhiri alikuwa amekuandikia kwamba vipande kutoka Bwera vinakataliwa. Vingi vilikuwa vinarudi vikiwa na saa iliyotangulia ile vilipotumwa, yaani kazi imekwisha kabla haijatolewa. Aliona kwamba kuna mtu anayetunga majibu, akauliza, kwa adabu, kama mtu huyo ni wewe.

Ulikwenda ukazikagua mashine, ukaona kosa ambalo mhadhiri, akiwa mjini kwake, asingeweza kulidhania. Watu wa Bwera wamezisogeza saa za kompyuta zao kwa mkono. Wanaofanya biashara ng'ambo wamezirudisha nyuma saa moja, zilingane na Congo. Wengine, hasa wenye umri, wamezirudisha nyuma saa sita, ili ikiwa saa mbili asubuhi mashine iandike mbili, isiandike nane. Hapa hakuna anayeona ajabu. Mtu hununua mashine, akaifundisha kuhesabu saa kama anavyohesabu yeye. Ni hesabu ya mlima peke yake iliyoona ajabu.

Basi wewe, katika ziara zako za kupuliza vumbi, ulizirekebisha saa zote kimyakimya. Ndipo mama wa forodha akasimama juani.

"Lakini hawapotezi kitu, Babu," ulisema. "Mashine zinakuwa zimekaa tu."

"Nani alisema zimekaa?"

"Naona mwenyewe. Hakuna anayezigusa."

"Umeona. Umeuliza?"

Ndipo nilipokusimulia jambo ambalo sikuwahi kumsimulia mtu wa nyumba hii, hata bibi yako.

Mubuku kulikuwa na mjane aliyekodi kipande mwishoni mwa mfereji wangu. Alikuwa amevuna mahindi, na mtoto wake akaugua, akaenda kukaa naye hospitalini. Zamu yake ya maji ilipofika nilitazama shamba lake nikaona mabua na nyasi kavu. Jirani yake alikuwa na vitunguu vinavyonyauka. Aliniomba, nikampa maji ya mjane. Nikampa zamu ya pili, nikampa na ya tatu. Sikuchukua kitu chochote kwa jirani huyo, na nilijiona mtu mwema, kwa kuwa maji yaliyokuwa yapotee yaliokoa vitunguu. Mjane aliporudi alikwenda moja kwa moja pembeni mwa shamba, akafunua nyasi zile kavu. Chini yake kulikuwa na kitalu cha mpunga, alichokiacha kimefunikwa kisichomwe na jua. Miche yote ilikuwa imekauka. Msimu wake ulikuwa umekwisha.

Hakunitukana. Aliniambia, "Ungeniuliza." Tangu siku hiyo, kila zamu yake, alikuja mwenyewe akasimama kando ya mlango wa maji mpaka zamu iishe. Hakunitazama, alitazama bamba. Ilikuwa hivyo mpaka alipoacha shamba, na hiyo ilikuwa miaka mingi. Watu wote waliopita walimwona na walijua kwa nini amesimama.

Nilipomaliza, ulileta hoja yako iliyo bora kuliko zote.

"Lakini hii ni kwa ajili yao, Babu. Mto ukishuka utashuka kwao. Hao hao wenye mashine."

Mpaka leo sina jibu kamili la hoja hiyo. Nilisema tu kwamba kama ni kwa faida yao, watafurahi kuambiwa.

"Wakikataa?"

"Watakuwa wamekataa."

"Nafasi itaenda kwa mtu mwingine."

"Itakwenda."

"Na wakininyang'anya kazi yao?"

"Utatafuta nyingine. Kesho tunaanza na duka la dawa, kwa sababu liko karibu na magoti yangu yanauma."

Ulilia. Sikukuzuia, wala sikukubembeleza. Siku ya pili uliamka kabla yangu, ukanunua daftari lenye jalada gumu.

Tulizunguka siku nne. Bodaboda mmoja alinibeba kutoka ofisi moja hadi nyingine, nawe ulitembea nyuma. Nilikutaka useme mwenyewe, kwa maneno yaleyale kila mahali: niliweka kazi ya mtu mwingine ndani ya mashine yako, sikukuuliza, na saa yako niliigusa mimi. Kisha ueleze kazi hiyo ni nini. Kisha uulize kama waitaka iendelee au uitoe, nawe uandike jibu palepale mbele yao.

Mwenye duka la dawa alikuwa mwepesi.

"Mzee, umekuja mpaka hapa na magoti mabaya kwa sababu ya hiyo tu? Mashine yangu asubuhi yote inakaa bure kama mimi. Iache ifanye kazi, labda itanifundisha. Lakini saa yangu nirudishie. Juzi nimefunga duka nikidhani ni usiku."

"Ulidhani ni usiku na jua linawaka?" nilimuuliza.

"Mzee, mimi nikiwa hapa ndani naamini mashine."

Mwalimu mkuu wa shule alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema hapana. Hakutoa sababu, na wewe ulitaka kumweleza zaidi. Nilikugonga mguu kwa fimbo. Mtu aliyesema hapana hadaiwi sababu.

Mama wa forodha alitupokea kwa viti na maneno mengi. Alitaka kwanza kuona kipande ambacho mashine yake ilikuwa inakifanya. Ulimfungulia, ukamwonyesha mraba mdogo wa rangi, ukamwambia huo ni mteremko mmoja wa mlima, na tarakimu zile ni mvua inayoshuka juu yake.

"Huu ni mulima yetu?"

"Ndiyo, Mama."

"Upande gani? Shamba ya mama yangu ilikuwa kule juu, upande wa Congo. Mawe ilishuka, ikafunika yote, mpaka leo huwezi kujua palikuwa shamba. Niwekee ile."

"Huwezi kuchagua, Mama. Wanatuma wao."

"Basi waambie. Andika: huyu mama anataka mvua ya kwao." Alikaa kidogo akiitazama ile rangi. "Muniachie. Ipumue. Lakini wewe, mutoto, siku ingine ukiingia mu nyumba yangu, piga hodi. Nilikupa neno ya siri sababu nilikuwa nakuita binti. Sasa nitakuita fundi."

Hakuwa anatania. Mpaka leo anakuita fundi.

Mahali pagumu palikuwa zahanati. Muuguzi aliyesimamia mashine alisikia maneno yako mpaka kwenye neno "kazi ya mtu mwingine", akainua mkono ukanyamaza. Akakuuliza ni tangu lini. Ulimtajia. Akakaa.

Kumbe mashine hiyo ilikuwa imekuwa nzito katika muda huo, hata ikabidi habari za akina mama waliokuja kujifungua ziandikwe kwa mkono na kuingizwa baadaye. Muuguzi alikuwa ametafuta sababu, akaona mwenzake, msichana wa mapokezi, hupenda kutazama filamu, akahitimisha kwamba ameijaza mashine kwa filamu zake. Msichana alikana. Hakuaminiwa. Aliondolewa mezani akapelekwa kufua mashuka, na alikuwa anafua mpaka siku hiyo tulipokuwa tumesimama pale.

Wewe ulinitazama. Nadhani ulitaka nikuambie kwamba inatosha. Nilisema, "Mwulize anafulia wapi."

Alikuwa nyuma ya jengo, mikono yake imo ndani ya beseni. Ulimwambia yote. Alisikiliza bila kuitoa mikono majini. Ulipomaliza alisema, "Mimi niliapa kwa jina la mama yangu aliyekufa, na walicheka." Akarudi kufua. Muuguzi, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, alimwita kwa jina lake, akamwambia aje mezani kesho. Msichana alisema atakuja akimaliza mashuka. Hakukuambia kwamba amekusamehe, na hukumwomba aseme. Hilo ulilifanya vizuri.

Zahanati ilikataa, na ilikuondolea kazi ya kutunza mashine yake. Na shule pia, mwezi uliofuata. Walioridhia walikuwa kumi na mbili. Katika mashine kumi na tisa uliiondoa programu mbele ya wenyewe.

Kisha nilikuagiza umwandikie mhadhiri. Ulitaka kumweleza habari ya saa peke yake, kwa kuwa saa zilikutetea: hukutunga majibu, watu wa Bwera tu wanahesabu saa kwa namna yao. Nilisema na ile alama ya ndiyo iandikwe, mara thelathini na moja, na iwe juu ya habari ya saa. Uliniambia kwamba nikisisitiza hivyo nafasi imekwisha. Nilisisitiza.

Jibu lilikuja baada ya majuma mawili, ukanisomea. Mhadhiri alikushukuru. Alisema vipande vyote vilivyotoka Bwera vimetupwa, hata vilivyokuwa sahihi, kwa sababu vilifanywa katika mashine ambazo wenyewe hawakuulizwa. Alisema walioridhia wanaweza kuanza upya, saa zao zikiwa sawa. Na nafasi alikuwa amempa mtu wa Mbarara.

Huo ndio ukweli ambao shangazi yako anauhitaji. Hakusema uongo. Mimi ndiye niliyesisitiza, na nafasi ilipotea kwa sababu hiyo. Sikusikitika kama alivyotaka, na sitaongeza hapa kwamba nilisikitika. Lakini yeye husema kwamba ilipotea kwa sababu sijui kusoma. Barua ile ingeandikwa hata kama ningekuwa nimesoma.

Tatizo la saa ulilimaliza baadaye, nami nalitaja kwa sababu ulilifanya bila mtu kukuagiza. Wenye mashine kumi na mbili hawakutaka kuacha saa zao, na hesabu haikutaka kuacha yake. Ukagundua kwamba mashine inaweza kushika saa ya kweli ndani yake, kisha ukaiambia ipo nchi gani, nayo ikaonyesha saa ya nchi hiyo usoni. Za mama wa forodha na wenzake uliziambia zipo Congo. Ya mwenye duka la dawa uliitafutia nchi ambayo kwetu ikiwa saa mbili asubuhi, kwao saa yao huandika mbili. Ukaipata Amerika ya Kusini. Siku hizi huwaambia wateja kwamba yeye anakaa Bwera lakini mashine yake imehamia Amerika na haijatuma hata salamu. Zote kumi na mbili zinafanya kazi hiyo mpaka leo, na vipande vyao havikataliwi.

Sasa sikiliza, uandike mambo ya kutunza.

Tunza lile daftari lenye jalada gumu. Walioridhia wana ukurasa wao na waliokataa wana ukurasa wao. Ukurasa wa waliokataa ndio wa kufungua kwanza, kila unapotoka kwenda kazini, maana hao ndio utakaojaribiwa kuwasahau. Ukimwona mmoja wao mashine yake imekaa bure wiki nzima, haikuhusu.

Ndiyo ya mtu isitunzwe kupita mwaka. Mwaka ukiisha rudi ukaulize, hata kwa mwenye duka la dawa, hata kama atakucheka. Mwenye mashine akifa, au akiiuza, au akimwachia mtoto wake, ndiyo yake imekwisha naye. Futa jina, kisha nenda ukabishe hodi kwa mwenye mpya ukiwa mgeni.

Barua ya mhadhiri itunze pamoja na nakala ya barua yako, zisitenganishwe. Atakayesoma moja lazima asome na nyingine.

Jina la yule msichana wa zahanati liandike katika ukurasa wa peke yake, bila maelezo. Ukikutana naye barabarani umwamkie wewe kwanza. Asipoitikia, pita, na siku nyingine umwamkie tena.

Basi. Nisomee tangu pale nilipokuambia ufunge mlango. Nadhani umeparuka pale ulipolia.